Adobo ya mapaja ya kuku: jinsi ya kuipika nyumbani, na kwa nini siki usiikoroge

Naandika haya kwa sababu nimechoka kushika simu nikiwa nimeshika mwiko. Mtu anakula adobo kwangu, anaondoka na maelezo kichwani, kisha siku mbili baadaye, saa moja usiku, ananipigia: "Wangu mbona mchachu hivi?" Mwingine wake amekuwa chumvi tupu. Mwingine anasema mchuzi una ladha ya bati. Maswali ni yale yale, basi majibu yake yote haya hapa.

Adobo ni chakula cha Ufilipino. Mimi nilijifunzia Maskati, katika nyumba ya kupanga niliyokaa na mabinti wawili wa Kifilipino. Ijumaa ilikuwa zamu yangu na pilau, Jumamosi yao. Mara ya kwanza nilipomwona mmoja wao akimimina nusu kikombe cha siki juu ya nyama, nilidhani ameshaamua kutupa chakula anasafisha sufuria. Saa moja baadaye nilikuwa nafuta sahani kwa kidole.

Jina lenyewe ni la Kihispania, lakini mapishi yalikuwapo kabla ya Wahispania: wenyeji walikuwa wakipika nyama kwa siki na chumvi ili isiharibike upesi katika joto la kule. Mhispania mmoja, Pedro de San Buenaventura, alipoandika kamusi yake ya Kitagalogi mwaka 1613, alikiita chakula hicho adobo ya wenyeji. Sosi ya soya ililetwa na wafanyabiashara wa Kichina. Ndiyo maana mpaka leo kuna adobo nyeupe isiyo na soya hata tone, na waipikao huapa kwamba hiyo ndiyo ya asili. Historia inatosha, tuingie jikoni.

Vitu vya kuandaa (watu 4 au 5)

- Mapaja ya kuku yenye mfupa na ngozi, 6 hadi 8, kama kilo 1 na robo
- Siki nyeupe, nusu kikombe (mililita 120)
- Sosi ya soya, theluthi ya kikombe (mililita 80)
- Maji, kikombe 1 (mililita 240)
- Kitunguu saumu kizima kimoja, punje 10 hadi 12
- Pilipili manga nzima, kijiko 1 cha chai
- Majani makavu ya bei, 3 (kwenye kifuko huandikwa "bay leaves"; ni yale magumu ya kijani kilichopauka, yanauzwa kwa vifuko kwenye rafu ya viungo)
- Sukari, kijiko 1 cha chai, weka karibu tu, huenda usiihitaji
- Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya chakula
- Sufuria pana isiyo ya aluminiamu, kikaango, na koleo au uma mrefu

Chumvi sijaisahau. Haimo. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na hapa tunaweka zaidi ya vijiko vitano. Ukitia chumvi "kidogo tu ya mkono", utanipigia simu.

Maneno machache kuhusu kila kitu, kabla hujawasha moto

*Mapaja.* Kidari hakifai hapa. Paja lina mafuta na utando mwingi karibu na mfupa. Likitokota taratibu, ule utando unayeyuka na mchuzi unakuwa mzito wenyewe bila unga. Kidari kwa muda huo huo kinakuwa kama pamba. Ukiambiwa buchani kuna miguu mizima tu, nunua, mwambie akukatie kwenye kiungo. Vile vipande vya chini ya goti navyo vinaiva pamoja na mapaja bila shida. Vipimo na dakika za hapa ni za kuku wa kisasa. Wa kienyeji nitamtaja kwenye hatua ya 5.

Kama yametoka kwenye friza, yayeyushie kwenye friji usiku kucha. Usiyaache juani kwenye beseni huku ukienda saluni.

*Siki.* Soma chupa: inayofaa imeandikwa asidi ya asilimia 4 au 5. Kuna chupa za asidi iliyokolea zinazouzwa kwa bei ndogo, ambazo hazifai mpaka zizimuliwe. Zile zinaunguza koo, si za mchezo. Ufilipino wana siki za miwa na za mnazi, tamu kidogo kuliko hii yetu nyeupe ya dukani. Ukipata ya nazi au ya tufaha, tumia, na sukari usiitie kabisa. Ndimu haishiki nafasi ya siki: ikichemka muda mrefu inaleta uchungu. Ukwaju unapendeza, ila hapo utakuwa umeondoka kwenye adobo na kukaribia sinigang, ambayo ni supu yao nyingine.

*Sosi ya soya.* Zipo mbili na watu huzichanganya. Nyepesi, inayotiririka kama maji ya chai ya rangi, ndiyo ya chumvi. Nzito na nyeusi tii, inayong'ang'ania kwenye kuta za chupa, kazi yake hasa ni rangi. Vipimo vyangu ni vya ile nyepesi. Kama dukani kwenu ni nyeusi peke yake, tia vijiko 2 vya chakula tu, kisha onja chumvi mwishoni. Na kwa wanaouliza habari ya halali: baadhi ya sosi huongezwa pombe ili zisiharibike, na imeandikwa kwenye orodha ya viambato kwa maandishi madogo. Geuza chupa usome.

*Sufuria.* Hapa ndipo ile "ladha ya bati" inapotoka. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na siki inaila aluminiamu. Tumia ya chuma kisichoshika kutu, ya enameli isiyobanduka, au chungu. Naam, chungu! Wafilipino wa zamani walipikia adobo kwenye palayok, na ukiuona palayok utasema umetoka kwa wafinyanzi wa kwetu. Kama umerithi chungu cha bibi na kimekaa kabatini kinashika vumbi, siku yake imefika. Kwa kukaanga mwishoni, kikaango chochote kisicho cha aluminiamu kitafaa.

Hatua kwa hatua

1. Safisha na kausha. Wataalamu wa usalama wa chakula wanasema kuku asioshwe, kwa sababu maji yanarusha vijidudu kote jikoni na moto ndio unaoviua. Najua wengi wenu hamtanisikiliza hapo, hata mama yangu hanisikilizi. Basi kama lazima uoshe, osha ndani ya beseni, usifungulie bomba kwa nguvu, kisha safisha sinki na sabuni. Kata ngozi inayoning'inia pembeni, lakini ile inayofunika nyama iache. Kausha kwa karatasi za jikoni.

2. Loweka kwa soya na saumu. Ponda punje za saumu kwa ubapa wa kisu, moja moja, ganda litoke. Usizitwange zikawa uji. Punje iliyopondwa tu inaiva ikawa laini unaibonyeza kwa uma, lakini ya kutwanga inaungua baadaye na kuleta uchungu. Changanya saumu, soya na pilipili manga, mwagia mapaja, geuza geuza. Acha nusu saa, au mpaka saa 2 kwenye friji.

*Angalizo:* siki usiitie sasa. Nyama ikilala ndani ya siki muda mrefu, nje yake inakuwa kama chaki na ndani haijafaidi kitu.

3. Panga sufuriani. Ngozi iangalie chini, mapaja yakae safu moja, yagusane lakini yasipandane. Mimina soya yote na saumu zake, tia maji na majani ya bei. Washa moto wa kiasi mpaka ichemke. Povu likija juu, liengue.

4. Tia siki, kisha weka mikono mfukoni. Hii ndiyo hatua inayoharibiwa na watu wote ninaowajua. Mimina siki kuzunguka sufuria. *Usikoroge. Usifunike.* Iache ichemke wazi kwa dakika 5 hadi 7.

Kwa nini usikoroge? Ukiwauliza mabinti wale wa Maskati, walikuwa na jibu moja: siki lazima iive kwanza, ukiikoroga ikiwa mbichi, chakula kizima kinabaki kibichi. Mimi naona la msingi zaidi ni kule kuacha wazi, maana ule ukali unaopanda na mvuke lazima upate pa kutokea, na mwenye kukoroga ndiye huyo huyo mwenye kufunika. Vyovyote iwavyo, adobo niliyoiacha bila kuigusa haijawahi kuniangusha.

Utajuaje imeiva? Pua. Dakika ya kwanza, ukiinama juu ya sufuria unakohoa na macho yanalia. Ya tatu, bado inachoma puani. Kama kwenye ya sita, unainama na harufu inakuwa ya mchuzi: saumu, soya, na uchachu kwa mbali kama wa achari. Hapo ndipo unapoendelea. Saa ya ukutani ni ya kukukumbusha tu, pua ndiyo inayoamua.

5. Punguza moto, funika. Moto mdogo kabisa. Kwa jiko la mkaa, toa makaa nusu. Mchuzi uwe unatokota pole pole, kiputo hapa, kiputo pale. Ukichemka kwa fujo, nyama inakaza. Dakika 25. Katikati ya muda huo geuza mapaja mara moja, ngozi ije juu.

Kuku wa kienyeji ongeza kikombe kimoja cha maji na umpe saa 1 na robo au zaidi, ukimchoma kwa uma kila baada ya muda. Jogoo mzee simshauri mtu, labda una gesi ya kuchezea.

Paja limeiva uma ukiingia bila kusukumwa lakini nyama haijaachana na mfupa. Kama una kipimajoto, usalama unaanzia nyuzi 74, ila paja linalainika zaidi likifika 80 na kitu.

6. Toa mapaja, yaweke kwenye sahani. Ngozi juu. Yaache yakauke dakika kumi. Usiyafunike, mvuke utailowesha ngozi.

7. Punguza mchuzi. Ongeza moto, acha mchuzi uchemke wazi mpaka ubaki kama theluthi. Ni dakika 10 hivi, sufuria nyembamba ikachukua zaidi. Mwanzoni viputo ni vikubwa vyepesi. Ukikaribia vinakuwa vidogo, vinang'aa, na ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia inaonekana kidogo kabla mchuzi haujairudia. Sasa onja. Kumbuka, *sasa*, si kabla: mchuzi ukionjwa ukiwa mwingi unadanganya. Ukiona uchachu umezidi chumvi, tia ile sukari, nusu kijiko kwanza.

8. Kaanga. Wako wanaokaanga kuku mwanzoni kabla ya kumchemsha, na wako wasiokaanga kabisa. Mimi nakaanga mwishoni, kwa sababu ngozi iliyokaangwa mwanzoni kisha ikachemshwa nusu saa inarudi kuwa lege lege, na kazi yako imeenda bure.

Pasha mafuta kwenye kikaango kwa moto wa kiasi. Futa ngozi za mapaja tena kwa karatasi, kisha uyalaze, ngozi chini. Yataruka! Soya na maji vikikutana na mafuta ya moto vinarusha, kwa hiyo watoto wakae mbali na wewe simama pembeni. Usiyasogeze kwa dakika 4. Mwanzoni kelele ni kubwa na ya kupasuka pasuka. Maji yakishaisha inatulia na kuwa ya kuchirizika tu. Hapo inua moja utazame: rangi ya kahawia iliyoiva, kama mbao iliyopigwa vanishi. Geuza, dakika 1 upande wa pili, toa.

*Angalizo:* kuna sukari kwenye soya, kwa hiyo rangi inatoka kahawia kwenda nyeusi haraka kuliko kuku wa kawaida wa kukaanga. Huu si wakati wa kujibu ujumbe.

9. Unganisha. Mwaga mafuta ya kikaango ubakize kijiko kimoja, mimina mchuzi humo, kwaruza yaliyoganda chini, rudisha mapaja, ngozi juu. Dakika 2 tu. Zima, acha itulie dakika 10 kabla ya kupakua. Majani ya bei yatoe, hayaliwi.

Unakula na nini? Wali mweupe mkavu, uliopikwa kwa chumvi kidogo kuliko kawaida yako. Pilau ina makelele yake, vitagombana. Ugali haukatai, lakini mchuzi huu umeumbwa kudondoka kwenye wali.

Ya tui la nazi

Hii ndiyo ninayoipika zaidi tangu nirudi, na watu wa pwani hunishangaa nikisema si mimi niliyeibuni. Ufilipino ipo, wanaiita adobo sa gata, na gata ni tui. Fuata hatua zote mpaka ya 7. Mchuzi ukishapungua, shusha moto na utie kikombe kimoja cha tui zito, lile la kwanza kama unakuna mwenyewe. Ukitaka, tia na pilipili mbuzi mbili nzima zisizopasuliwa. Tokosa dakika 8 bila kufunika mpaka mafuta ya nazi yaanze kuonekana juu. Tui usilitie wakati siki bado mbichi. Litakatika, likafanya mabonge kama mtindi. Soya punguza hadi robo kikombe, maana tui halipendi kuzidiwa rangi.

Mambo yakienda kombo

*Mchachu mno.* Ulifunika kwenye hatua ya 4, au ulikatiza mapema. Toa nyama, chemsha mchuzi wazi dakika 5 zaidi, kisha sukari kidogo. Usitie maji peke yake: utapata uchachu ule ule, mwingi zaidi.

*Chumvi imezidi.* Ongeza maji robo kikombe na siki kijiko kimoja cha chakula, chemsha wazi dakika chache. Au tia tui, linaokoa sana. Viazi havinyonyi chumvi kwa ule uchawi tunaosimuliwa, ila ukivichemsha pembeni bila chumvi ukavichanganya, vinagawana mchuzi na nyama na mlaji haoni tatizo.

*Mchungu.* Saumu imeungua, au soya imegandia chini na kuungua. Ukihisi uchungu mdogo, hamisha sufuria bila kukwaruza chini. Ukiwa mkubwa, nakupa pole.

*Mchuzi mwepesi kama chai.* Haukuchemka vya kutosha kwenye hatua ya 7. Rudisha motoni. Unga wa mahindi laini usitie, unaufanya uwe na utelezi wa mlenda.

*Nyama imeachana na mfupa kabla ya kukaanga.* Moto ulikuwa mkubwa au muda umezidi. Usilazimishe kukaanga. Irudishe kwenye mchuzi uliopungua, ile hivyo hivyo. Ladha haijaenda popote.

*Kuna wekundu karibu na mfupa ingawa nimepika muda wote.* Kuku wa kisasa huchinjwa angali mchanga, mifupa haijakomaa, na rangi ya uboho inapenya nje. Kama nyama ni laini na maji yanayotoka hayana damu, kula. Ukitilia shaka, dakika 10 zaidi motoni hazitamdhuru paja.

*Mafuta yameelea mengi.* Yaengue kwa kijiko, lakini usiyatupe. Asubuhi kaangia wali wa jana pamoja na saumu nyingi, pasha na pande la adobo lililobaki. Mabinti wale walikuwa wanapika adobo Jumamosi usiku kwa ajili ya kifungua kinywa cha Jumapili. Chakula cha usiku kilikuwa kisingizio.

Kuhifadhi

Siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza, hilo ni kweli. Lakini nimeshasikia watu wakisema "ina siki, haiharibiki" wakaiacha juu ya jiko usiku kucha kwenye joto la Dar es Salaam. Zamani walitia siki na chumvi nyingi kuliko hizi zangu. Wewe ikishapoa, iingize friji kabla ya saa 2 kupita, kwenye chombo cha kioo au cha plastiki, sufuria ya aluminiamu tena hapana. Inakaa siku 3 au 4. Pasha kile utakachokula tu, mpaka kichemke kabisa. Na mchuzi ukiuona umeganda kama jeli, usishtuke, ni ule utando wa mapaja; ukiona moto unarudi kuwa mchuzi.